Mnada wa hisani: kila kitu kitafutie watu wawili wanaokitaka

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni mratibu wa shirika dogo hapa Mwanza, tuna hosteli ya wasichana 64 wa sekondari ambao makwao ni mbali na shule. Bodi imeamua mwezi wa 11 tufanye gala dina yenye mnada ili tupate milioni 60 tumalizie bweni la pili, limesimama kwenye lenta. Bajeti ya hafla ni milioni 22, wageni 200. Mpaka sasa tumepewa vitu 45 vya kunadi: picha za kuchora 12, safari ya Serengeti ya watu wawili, jezi ya mpira iliyosainiwa, majiko ya gesi, vitenge, seti za vyombo, mpaka mbuzi. Tumetenga milioni 3 za MC maarufu kutoka Dar. Tuanzie bei gani, tupange vipi vitu, na tufanyeje watu walipe manake wenzetu mwaka jana ahadi nyingi zilipotea? Mjumbe mmoja anataka tuuze na tiketi za bahati nasibu. Zimebaki wiki 14."

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na kitu kimoja kimenishtua, umenihesabia vitu vyote mpaka vitenge lakini kuhusu hao wageni 200 umeandika neno moja tu, wageni. Ni akina nani? Nani anamjua nani, nani ana uwezo wa kutoa milioni mbili usiku mmoja na kesho yake asijute, nani ana binti aliyewahi kulala hosteli? Hapo ndipo mnada ulipo. Kitu hakipandi bei kwa sababu ni kizuri, kinapanda kwa sababu kuna watu wawili ndani ya ukumbi wanaokitaka kwa wakati mmoja, akiwepo mmoja tu hata kikiwa cha dhahabu kitaondoka kwa bei ya kuanzia.

Mimi hili sikulijifunza hotelini. Nimekulia Machame, na sisi Walutheri wa kule ibada ikiisha mnada unakuwa hapo nje ya kanisa, mkungu wa ndizi, jogoo, trei la mayai, vitu ambavyo watu wameleta kama sadaka. Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi alikuwa na tabia moja ambayo nikiwa mtoto niliiona ila sikuielewa, anaweza kuushika mkungu mkononi dakika nzima anapiga stori, anasalimia watu, hataji bei. Kumbe anasubiri wazee wawili fulani watoke ndani, mmoja wa ukoo huu na mwingine wa ukoo ule, wakishasimama wote wawili ndo anaanza. Mkungu ambao sokoni ni hela ya kawaida unapanda mpaka watu wanashangilia, alafu aliyeupata anasema narudisha, unadiwe tena, unauzwa mara ya pili na ya tatu. Ule mkungu ulijenga vigae vya kanisa letu. Na nyie huko Usukumani mnalijua hili kuliko mimi, kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma pale Bujora, makundi mawili ya wachezaji ni Wagika na Wagalu, Wagika wakija peke yao Wagalu wasitokee kuna ngoma gani hapo? Watu wanakuja kwa sababu pande mbili zinashindana.

Kwahiyo kazi yako ya kwanza, kabla hujagusa bei, chukua karatasi, andika kila kitu ulichopewa, na mbele ya kila kimoja andika majina mawili ya watu halisi ambao watakuwa ukumbini na unaamini wanakitaka. Sio "wafanyabiashara", jina la mtu. Kisichopata majina mawili hakipandi jukwaani. Nakuhakikishia kati ya 45 vitabaki kama 9 au 10, na hiyo ndo idadi inayotakiwa, manake kila kitu kinakula dakika nne mpaka tano ukijumlisha makofi na kukielezea, vitu 45 ni saa tatu au zaidi. Hafla yangu ya kwanza kusimamia tulinadi vitu 38, bodi ilikuwa inaona aibu kumwambia aliyetoa kitu kwamba chake hakitanadiwa, tulipofika kitu cha 20 meza za nyuma zilikuwa tupu, kitu cha mwisho kiliuzwa saa 5 na dakika 40 usiku kwa bei ya chini kuliko dukani na aliyekinunua alikuwa mume wa mhasibu wetu. Alitoa kwa huruma. Sikulala ile siku.

Nje kuna mfano maarufu. Tajiri wa Marekani Warren Buffett alikuwa anatoa nafasi ya kula nae chakula cha mchana inadiwe kwa ajili ya Glide, taasisi ya San Francisco inayosaidia maskini na watu wasio na makazi. Mnada ulipoanza mwaka 2000 ulikuwa wa ukumbini na ulileta kama dola 25,000. Mwaka 2003 wakauhamishia kwenye mtandao wa eBay, dau likafika dola 250,100. Mwaka 2022, ambao ulitangazwa kuwa ndo wa mwisho, mtu alilipa dola 19,000,100. Chakula ni kilekile cha mchana, kilichobadilika ni wingi wa watu wanaokigombea, na kitu chenyewe hakiuzwi duka lolote duniani, ukikikosa hapo umekikosa. Na aliyekitoa hakikumgharimu zaidi ya saa chache za muda wake.

Sasa rudi kwenye vitu vyako ukiwa na hayo kichwani. Jiko la gesi mtu atalipata sokoni Makoroboi kesho asubuhi na bei anaijua, hawezi kulipandia, sana sana atasubiri lishuke. Majiko, vyombo na vitenge vichanganye vitengeneze makapu matatu manne mazuri yaliyofungwa vizuri, yaende kwenye meza ya mnada wa kimya, yaani ule wa kuandika dau kwenye karatasi, unaweka bei ya kuanzia na kiwango cha kuongeza, watu wanapita wanaandika namba zao wakati wanaingia na kunywa juisi. Picha 12 ni nyingi mno, zikipanda zote zinauana bei zenyewe kwa zenyewe. Chagua moja kubwa iliyo bora ipande jukwaani, tatu ziende mezani, zinazobaki muulize mchoraji kama unaweza kuwapa wadhamini kama zawadi ya shukrani, wengi wanakubali wakielezwa kwa heshima.

Alafu tafuta vitu ambavyo viko Mwanza tu. Najua akina mama wa Capri Point na Isamilo ambao watagombania hiki: sato wawili wabichi, wameshaparuliwa, wanaletwa mlangoni kila Ijumaa kwa mwaka mzima. Mvuvi mmoja au mwenye kiwanda akikubali kutoa hiyo una kitu kizuri kuliko jezi. Au mpishi anayesifika mjini aje nyumbani kwako apikie watu 10, au siku nzima ya boti ziwani na familia mnapita mpaka kisiwa cha Saanane, au mkuu wa shule mstaafu anayeheshimika amfundishe mtoto wako hesabu mwezi mzima wa likizo (usicheke na hii, niliona wazazi wawili wanaisukuma mpaka milioni mbili na nusu). Hivi vyote havina gharama kubwa kwa mtoaji, na havina bei dukani.

Safari ya Serengeti ni nzuri ila nakuomba usiipandishe jukwaani kabla hujapata barua ya mtoaji inayosema kila kitu. Usiku ngapi? Kiingilio cha hifadhi kimo au mshindi atalipa mwenyewe getini? Gari ni la nani, manake kutoka Mwanza mtu anaingilia geti la Ndabaka ile barabara ya kwenda Musoma, sio mbali, lakini kama vocha inaanzia Arusha mshindi wako ameshauziwa mbuzi kwenye gunia. Inaisha lini, na miezi ya msimu inaruhusiwa? Watu wanataka kwenda Julai mpaka Septemba nyumbu wanavyovuka mto Mara, na mara nyingi hiyo ndo miezi ambayo vocha za bure zinafungiwa. Andika masharti yote kwenye kadi ya kitu na dalali ayasome kwa sauti kabla ya kuanza. Mshindi mmoja akirudi na malalamiko utapoteza meza nzima mwakani.

Jezi, pata picha ya mchezaji akiisaini, bila picha ipeleke kwenye mnada wa kimya. Na kitu kimoja nakuonya mapema manake huwa kinatokea, akija mzee kwa nia njema kabisa na ngozi ya chui au kipande cha pembe anataka kuchangia, mshukuru na usikipokee hata kwa dakika moja ofisini kwako, hizo ni nyara, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haina mchezo.

Bei za kuanzia. Mimi huwa naanzia kwenye theluthi ya thamani yake, na kwa kile kisicho na bei dukani naanzia pale ambapo najua angalau watu watano watanyoosha mkono bila kufikiri. Mikono mingi mwanzoni ndo inayoleta joto, ukianza juu kwa kuogopa hasara ukumbi unanyamaza na ukishanyamaza kuuamsha ni kazi. Hasara yenyewe unaiogopa ya nini kama kitu umepewa bure? Ukitokea wakala anakwambia anakupa safari ya kunadi ila kiasi fulani kirudi kwake, kataa, wageni wako wanaamini hela yote inaenda kwenye bweni.

Tukae kidogo kwenye hesabu, hapa ndo bodi nyingi zinajidanganya. Milioni 60 mnayoitaka ni kabla ya kutoa ile 22 au baada? Kama ni kabla, bweni litapata 38, na fundi hatamaliza. Mimi nashauri hivi: meza na wadhamini walipie sherehe yote kabla ya siku, ili kila shilingi ya usiku ule iende kwenye tofali. Chukua meza 20 za watu 10. Meza 14 uza kwa milioni 1.2 kila moja, hiyo ni 16.8. Meza 6 wape wadhamini kwa milioni 3, jina lao likae mbele na kwenye kadi, hiyo ni 18. Jumla 34.8, toa 22, umeingia ukumbini na 12.8 tayari kibindoni. Vitu 10 vya jukwaani vikileta wastani wa milioni moja na nusu ni 15. Na kilichobaki chote kinatoka kwenye kitu ambacho kwenye barua yako hakipo kabisa, yaani kuchangia moja kwa moja bila kununua chochote.

Naomba hili ulielewe vizuri manake ndo kiini cha usiku. Katikati ya mnada unasimamisha vitu, taa zinapungua kidogo, mtu mmoja anaongea dakika tatu, alafu dalali anasema: nani atatupa milioni tano? Anasubiri. Anashuka: milioni mbili. Milioni moja. Laki tano. Laki mbili. Wanaonyoosha vibao vyao vya namba, vile walivyopewa vya kunyanyua wakati wa kutaja dau, wanaandikwa, hakuna wanachopata zaidi ya kutajwa na kushukuriwa. Ukipata wawili wa milioni tano, watano wa mbili, wanane wa moja, kumi na wawili wa laki tano na ishirini wa laki mbili, hiyo ni milioni 38. Ni watu 47 tu, kwenye ukumbi wa 200. Jumlisha na zile za juu unapata 65.8, na hiyo 5.8 ya ziada iache hapo kwa ajili ya watakaoghairi, wapo kila mara.

Ila hao wawili wa milioni tano usiwasubiri kama mvua. Nenda kawaone wiki tatu kabla, ofisini kwao, ukiwa na mwenyekiti wa bodi, waambie tunaomba wewe uwe wa kwanza kunyoosha. Mtu akikubali mapema usiku wake unakuwa wa raha na wengine wanapata ujasiri. Kiwango cha kwanza kikipita kimya, hiyo baridi inashuka mpaka laki mbili, nimeona.

Na kila kiwango kipe sura. Fundi wako akupe makadirio kamili, ngapi inapaua, ngapi inaweka milango na madirisha, na muuza vitanda akupe bei ya dabo deka moja na magodoro mawili, neti mbili, tranka mbili. Dalali asiseme "laki tano kwa maendeleo ya mtoto wa kike", aseme wasichana wawili wanapata pa kulala kuanzia Januari. Mtu yeyote aliyesoma bweni Tanzania hii akisikia neno tranka anakumbuka harufu yake na kufuli lake, huhitaji kumhubiria.

Hapo hapo niseme jambo ambalo linaniumiza. Usiwapandishe wale wasichana jukwaani wasimulie shida zao mbele ya watu wanaokula. Najua itapendekezwa, kuna mtu atasema machozi yanafungua pochi. Yule binti Jumatatu anarudi darasani na nusu ya mji wameshajua baba yake alimfanyia nini, na mlezi wake ni wewe uliyeruhusu. Tafuta aliyemaliza, mtu mzima, ana kazi yake, anayetaka mwenyewe kuongea, mwandike pamoja atakachosema, ajue anaweza kubadili mawazo hata saa ya mwisho. Picha za video zionyeshe mikono, vitabu, lile bweni lisilo na paa, njia ndefu ya kwenda shule. Inatosha na inatosha sana. Wasichana wakitaka kuimba waimbe wimbo mmoja mwanzoni, wale chakula kilekile cha wageni, warudi kulala.

Kuhusu wageni sasa. Mimi ningekushauri mshushe 200 iwe 150 au hata 120 kama meza 20 haziuziki kwa watu sahihi, ukumbi mdogo uliojaa unanadi vizuri kuliko mkubwa wenye mapengo, hesabu ya meza utaipunguza sambamba na gharama ya chakula. Kila mjumbe wa bodi apewe meza yake kama mwenyeji, majina kumi, na wiki mbili kabla ya siku akusomee hayo majina moja moja. Anayekwambia "watakuja tu wasiwasi wako" hana watu. Kanda yenu ina migodi, viwanda vya samaki, wenye mabasi, wauza pamba, mabenki, wengi wao hizi hafla wanazijua, mgodi wa Geita umekuwa na Kili Challenge tangu 2002, wanapanda Kilimanjaro kuchangia mapambano ya UKIMWI, kwahiyo barua yako haitakuwa ngeni kwao, lakini bajeti za kampuni zinapangwa mapema, barua zipelekwe wiki hii sio mwezi wa 10. Kwenye barua ya mdhamini mweleze pia kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu kutoa michango ya hisani kwenye hesabu zake mpaka asilimia 2 ya mapato ya biashara, ila masharti yake yanahusu taasisi zinazotambuliwa, kwahiyo kaeni na TRA kwanza mjue hadhi yenu ikoje kabla hamjamuahidi mtu.

Tarehe iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imetoka. Na hotelini ukipewa bei ya sahani uliza kama VAT imo, hiyo kodi kwa watu 200 ni hela ya milango yako miwili mitatu.

MC. Hapa tutatofautiana na bodi yako lakini nitasema. Milioni 3 za mtu maarufu ni nyingi na anajua kuchekesha, hajui kunadi. Kunadi ni kazi nyingine kabisa, unatakiwa ukumbuke nani yuko kwenye laki nane na nani kwenye laki tisa, usikie mtu anavyosita, ujue kumpa sekunde mbili zaidi yule ambaye mke wake ndo kwanza anamgusa mkono, na ujue lini kusema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu bila kuchelewesha. Ushereheshaji mpe mtu wa hapohapo Mwanza kwa bei ya kawaida, mnada mtafutie dalali. Madalali wenye leseni wapo, na kuna walimu wa kwaya na wazee wa kanisa wenye kipaji hiki, kinachotakiwa ni akae na wewe siku mbili apitie majina ya meza zote. Hela iliyobaki iweke kwenye spika na maiki. Nimeshuhudia mnada unakufa kwa sababu meza sita za nyuma hazisikii bei, fundi mitambo anakwambia kila kitu kiko sawa sababu yeye amesimama mbele. Siku ya kupima sauti kaa mwenyewe kiti cha mwisho kabisa, ukumbi ukiwa na kelele.

Weka vijana wanne wenye sauti, kila mmoja ana meza zake tano za kuangalia, kazi yao ni kuona kibao kikinyanyuliwa na kupaza sauti. Na usikubali, hata akushauri nani, kupandikiza mtu wa kupandisha dau la hewa. Ni udanganyifu, na Mwanza sio kubwa kiasi hicho, itajulikana.

Mpangilio wa usiku: kadi iseme saa 12 jioni, mtaanza saa 1. Mnada wa kimya uko wazi tangu mlangoni na unafungwa saa 2 na nusu, utangazwe mara mbili kabla ya kufungwa. Mgeni rasmi dakika saba, ongea na msaidizi wake mapema kwa adabu, umwombe hotuba ije kabla ya chakula. Jukwaa lianze saa 2 na dakika 40 watu wakiwa wamemaliza sahani kubwa lakini matunda na keki hayajaletwa, hakuna mtu anayeondoka kabla ya keki. Anza na kitu cha bei ya kati kinachopendwa na wengi, ningeanza na sato. Cha pili na cha tatu vya kati, Serengeti cha nne, halafu papo hapo ukumbi ukiwa juu unaingia kwenye kuchangia moja kwa moja. Baada ya hapo vitu sita vya mwisho haraka haraka. Wengine wanaweka kuchangia mwishoni kabisa, mimi siipendi, watu wameshaanza kutafuta funguo za gari.

Ahadi kupotea. Ile hafla yangu ya kwanza niliyokwambia, kwenye karatasi tulikuwa na milioni 31, baada ya miezi minne ya kupiga simu tulikuwa tumekusanya 19. Na wale watu sio waongo. Walitoka usiku, kesho yake kulikuwa na ada, msiba, gari limeharibika, na sisi hatukuwapa njia ya kulipa pale walipokuwa na moyo. Kwahiyo kila meza iwe na kibao chenye lipa namba na jina linalotokea kwenye simu, ili mtu asiogope kuwa anatuma kwa tapeli. Karani watatu wenye orodha wazunguke, kitu kikishagongwa nyundo karani yuko pembeni ya mshindi kabla makofi hayajaisha, na fomu fupi: namba ya kibao, jina, kiasi, analipa sasa au tarehe gani, sahihi. Pochi za simu zina ukomo wa kiasi cha kutuma, kwahiyo kwa milioni tano uwe na akaunti ya benki na mashine ya kadi tayari. Pima mtandao humo ukumbini watu wakiwa wamejaa. Fedha taslimu zihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, wasaini wote wawili. Risiti itoke palepale. Kitu hakiondoki ukumbini bila kulipiwa, hata kama mshindi ni mheshimiwa.

Wanaobaki na ahadi, wape meseji ya shukrani usiku uleule yenye kiasi walichosema na tarehe waliyochagua wenyewe, Jumatatu wanapigiwa na mwenyeji wa meza yao, sio na karani, mtu akipigiwa na rafiki yake analipa. Baada ya siku 30 watumie picha ya bweni lilipofika, aliyelipa na ambaye hajalipa wote. Hiyo picha imenikusanyia hela nyingi kuliko barua yoyote ya kukumbusha.

Bahati nasibu, mwambie mjumbe wako kwa upole kwamba kuuza tiketi za aina hiyo kunasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inataka kibali, na wiki 14 mlizonazo ni bora mzitumie kuwaona watu. Pia kuna wageni ambao kwa dini yao kamari ni haramu, hamna haja ya kuwaweka kwenye kona siku ya kheri.

Na mbuzi. Usimtoe kwenye orodha hata kidogo, huyo ndo mkungu wangu wa ndizi. Awe wa mwisho kabisa, aanzie laki moja, na ongea mapema na watu watatu kwamba wakimpata wamrudishe anadiwe tena, dalali asiseme chochote, mtu mwenyewe asimame aseme "namrudishia wasichana". Wa nne akitokea bila kupangwa, mwache dalali aendelee nae mpaka ukumbi uchoke. Omba ruhusa ya hoteli kwa maandishi, aletwe saa 3 usiku asikae kwenye joto la jikoni tangu mchana, awe na maji, na kamba ishikwe na mtu anayejua mbuzi. Atakayempata mwisho akikubali, abaki hosteli na jike mwenzake atafutwe mwezi wa 12, wasichana watakuwa na kitu cha kuchunga. Ile karatasi ya majina mawili mawili ukishaimaliza niandikie tena, hasa unitajie meza zile ambazo bado hazina mwenyeji.